Wakili Anapoipotosha Mahakama: Nani Anaumia, na Sisi Tufanye Nini?

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa na wakili anayejitolea katika huduma ya msaada wa kisheria, kwenye semina ya kamati za parokia iliyofanyika Mpapura, Wilaya ya Mtwara. Tunaichapa kwa faida ya wasomaji wetu wote, wakiwemo wafadhili ambao wamekuwa wakiuliza juu ya migogoro ya ardhi inayogusa miradi yetu. – Mhariri)





Nilipoombwa kuzungumza juu ya nidhamu ya mawakili, ndugu mmoja aliniuliza: jambo hilo linatuhusu nini sisi wakulima wa korosho na muhogo? Hilo ni jambo la mawakili wenyewe, la watu wa Dar es Salaam na majoho yao. Swali lake ni zuri na nitajitahidi kulijibu. Nitaeleza kwanza maana ya kuipotosha mahakama. Pili, sheria inasema nini na nani anamwajibisha wakili. Tatu, nitasema jambo ambalo huenda halitatufurahisha sana, yaani sehemu yetu sisi wateja katika kosa hili.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Ardhi ya Mtwara ya leo siyo ile ya miaka ya nyuma. Gesi ya Mnazi Bay, kiwanda cha saruji, upanuzi wa bandari na barabara za lami vimeipandisha thamani. Shamba la mikorosho ambalo zamani mjomba alimwonyesha mpwa wake kwa kidole tu, kuanzia mwembe ule mpaka kichuguu kile, leo lina watu watatu wanaolidai na kila mmoja ana karatasi yake. Mgogoro huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji. Huenda Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu na siyo kuamua. Wasipopatana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara, na mwisho Mahakama ya Rufani. Kadiri shauri linavyopanda ngazi, ndivyo mwanakijiji anavyozidi kumtegemea wakili.

Hapo ndipo udhaifu ulipo. Jaji hajawahi kufika shambani kwako. Hamjui mjomba wako, wala hajui kichuguu kile. Anachokijua ni kile kilichoandikwa na kusemwa mbele yake. Wakili akimwambia kuwa tarehe ni hii, saini ni ya fulani na mjane hana mtoto, mahakama huanza kwa kumwamini, kwa sababu wakili ni afisa wa mahakama. Kama mahakama ingelazimika kushuku kila neno la kila wakili, shauri moja lingechukua miaka 20. Wakili akiutumia vibaya uaminifu huo, anayeumia wa kwanza ni mtu wa upande wa pili, ambaye mara nyingi hana fedha ya kuweka wakili wake.

Naomba niwakumbushe habari ya Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Tunaikumbuka kama habari ya mfalme mwenye tamaa na shamba la mizabibu. Lakini tuisome tena kama watu wa mahakamani. Yezebeli hakutuma askari kumpora Nabothi. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akawapelekea wazee wa mji. Likaitishwa baraza, wakaletwa mashahidi wawili, na ushahidi ukatolewa hadharani. Kila hatua ya utaratibu ilifuatwa isipokuwa ukweli. Ndugu zetu Waislamu, ambao ni majirani zetu wengi hapa Mtwara, nao wamefundishwa kwamba ushahidi wa uongo ni dhambi kubwa. Kwa hiyo jambo hili ni letu sote.

Kuipotosha mahakama ni nini?

Wengi tunadhani wakili yeyote anayemtetea mtu aliyekosa tayari anadanganya. Sivyo. Mtu aliyeshtakiwa kwa wizi ana haki ya kutetewa. Wakili wake anaweza kuwauliza mashahidi maswali magumu, kuonyesha kwamba taa ilikuwa hafifu, au kwamba upande wa mashtaka haujathibitisha kosa. Huko ni kuupima ushahidi, na ni kazi halali. Hata kama moyoni anaona mteja wake amekosa, anayeamua ni hakimu, siyo yeye.

Mpaka ni huu: wakili anaweza kuwaambia mahakama kuwa jambo halijathibitishwa, lakini hawezi kuwaambia kuwa jambo liko hivi huku akijua haliko hivyo. Kanuni za Maadili ya Mawakili za mwaka 2018, yaani Tangazo la Serikali Na. 118 la mwaka huo, zinamkataza wakili kujaribu kuidanganya mahakama kwa kujua, ama kwa kuleta ushahidi wa uongo, ama kwa kueleza vibaya mambo yaliyotokea au sheria ilivyo, ama kwa kutegemea hati ya kiapo ya uongo. Katika maisha ya kawaida makosa haya huonekana kwa sura kama nne.

Sura ya kwanza ni hati ya kiapo ya uongo. Hati ya kiapo ni maelezo ya maandishi ambayo mtu anaapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba ni ya kweli. Sheria inayohusu makamishna wa viapo, Sura ya 12, inamtaka kamishna aandike mahali na tarehe ambapo kiapo kimefanyika mbele yake. Lakini wapo watu wanaosainishwa karatasi tupu, maneno yakajazwa baadaye. Wapo wanaoambiwa wameapa ilhali hawajawahi kumwona kamishna huyo kwa macho.

Sura ya pili ni tarehe. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 89, mtu anayedai kurudishiwa ardhi ana miaka 12. Kwa hiyo mwaka mmoja ukisogezwa mbele au nyuma kwenye karatasi, shauri zima linaweza kufa au kufufuka. Mtu aliyeingia shambani mwaka 2015 akaandikwa kuwa aliingia 2005, mwenye shamba anaonekana amelala mpaka amepitwa na wakati.

Sura ya tatu ni kuficha warithi. Mjomba anapofungua mirathi na kuorodhesha warithi wanne wakati anajua wako saba, na wakili wake naye anajua, mahakama imepotoshwa. Mashauri mengi ya mirathi huanzia Mahakama ya Mwanzo. Huko kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa, na tangu mwaka 2021 wanaruhusiwa pale tu mahakama inapoongozwa na hakimu mkazi. Lakini ombi hilo hilo mara nyingi limeandikwa na mtu mwenye elimu ya sheria aliyeko nje.

Sura ya nne ni ukimya. Hii ndiyo ngumu kuiona, na nitaieleza kwa shauri moja mashuhuri la Uingereza ambalo hutumika kufundishia mawakili katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria kama wetu.

Polisi asiye na sare

Mwaka 1958 jijini London, mpiga picha wa magazeti aitwaye Meek alikamatwa na ofisa wa polisi aitwaye Fleming. Meek alimfungulia madai ya kupigwa na kuwekwa kizuizini isivyo halali. Shauri lilitegemea swali moja: nani aaminiwe, Meek au Fleming? Wakati wa tukio Fleming alikuwa Mkaguzi Mkuu wa polisi. Lakini kabla shauri halijasikilizwa alishushwa cheo kuwa sajini, na sababu yake ilikuwa kwamba alishiriki kuidanganya mahakama katika shauri lingine.

Wakili wake alilijua jambo hilo. Akaamua kulinyamazia. Fleming alifika mahakamani amevaa nguo za kiraia, bila sare ambayo ingeonyesha cheo chake kipya. Wakili akawa anamwita "Bwana Fleming" tu. Jaji na wazee wa baraza waliendelea kuamini kwamba aliye mbele yao ni Mkaguzi Mkuu mwenye sifa safi, na upande wake ulipoona wanaamini hivyo, uliwaacha waendelee. Fleming alishinda.

Ukweli ulipojulikana, Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1961 ilitengua ushindi huo na kuamuru shauri lisikilizwe upya. Wakili alichukuliwa hatua na chombo cha taaluma yake, akasimamishwa kazi. Alipewa miaka 3, na baada ya kukata rufaa ikapunguzwa kuwa mwaka 1.

Tuangalie kwa makini. Wakili hakutunga hati ya uongo. Angeweza kusema kwamba yeye alinyamaza tu, na kuna mambo mengi ambayo wakili hana wajibu wa kuyasema dhidi ya mteja wake. Lakini mpango mzima, kuanzia nguo mpaka jina la kumwitia, ulikusudiwa mahakama iamini jambo ambalo siyo la kweli. Kunyamaza kwa nia ya kudanganya ni kudanganya.

Kwetu Tanzania sheria inasemaje?

Mawakili wa Tanzania Bara wanaongozwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, ambayo asili yake ni ya mwaka 1954. Zanzibar ina utaratibu wake. Sheria hii imeweka chombo kiitwacho Kamati ya Mawakili. Kamati inaongozwa na Jaji wa Mahakama Kuu anayeteuliwa na Jaji Mkuu, na ndani yake zipo pia nafasi ya upande wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na nafasi ya wakili anayeteuliwa na Chama cha Mawakili wa Tanganyika (TLS). Mwananchi mwenye malalamiko anaweza kuyapeleka mbele yake. Ikiridhika kwamba wakili amekosa, Kamati inaweza kumwonya, kumsimamisha kwa muda, au kuagiza jina lake lifutwe kwenye daftari la mawakili. Kufutwa jina ni kifo cha kazi yake. Uamuzi wa Kamati unaweza kukatiwa rufaa Mahakama Kuu.

Pia, kifungu cha 22 cha Sheria hiyo kinampa Jaji Mkuu na majaji wa Mahakama Kuu uwezo wa kumsimamisha wakili kwa muda.

Mbali na nidhamu, kuna adhabu za kijinai. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, anayetoa ushahidi wa uongo kwa kujua anaweza kufungwa hadi miaka 7. Na kuna hasara kwa shauri lenyewe. Mahakama yetu ya Rufani, katika shauri la Ignazio Messina dhidi ya Willow Investments (Maombi ya Madai Na. 21 ya mwaka 2001), iliweka msimamo kwamba hati ya kiapo iliyochafuliwa na uongo si hati ya kiapo hata kidogo, na haiwezi kutegemewa kubeba maombi. Msimamo huo umerudiwa mara nyingi tangu wakati huo. Maana yake kwetu ni hii: aya moja ya uongo inaweza kuangusha hati yote, pamoja na yale ya kweli yaliyomo. Ulikuwa na haki, ukaiongezea uongo kidogo ili iwe na nguvu, na huo uongo kidogo ndio umeizamisha.

Tena, ushindi wa uongo haulali usingizi. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinaruhusu Mahakama hiyo kuupitia upya uamuzi wake endapo ulipatikana isivyo halali, au kwa ulaghai, au kwa ushahidi wa uongo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mahakamani wakati mwingine ni ndefu kidogo, lakini hata huko ina mwisho.

Nidhamu isigeuzwe fimbo

Lazima niseme na upande wa pili, maana hapa wapo wafadhili wanaofuatilia haki za binadamu. Mamlaka ya kumwadhibu wakili ni dawa kali, na dawa kali hupimwa. Wengi wenu mtakumbuka habari ya wakili Fatma Karume, aliyewahi kuwa Rais wa TLS. Septemba 2019 alisimamishwa uwakili na Mahakama Kuu kutokana na maneno aliyoyaandika katika hoja zake kwenye shauri la kupinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Septemba 2020 Kamati ya Mawakili iliagiza jina lake lifutwe. Juni 2021 Mahakama Kuu ikatengua uamuzi huo.

Shauri lake halikuwa la kudanganya mahakama. Lilihusu lugha na heshima. Ninalitaja ili tutofautishe mambo mawili. Wakili mwenye maneno makali anaweza kuwaudhi wakubwa, na bado akawa mkweli. Wakili mwenye maneno matamu anaweza kumfurahisha kila mtu mahakamani huku akiwa ameficha mtoto wa marehemu. Tunapoomba mawakili wawajibishwe, tuombe wawajibishwe kwa uongo, na wasikilizwe kikamilifu kabla ya kuadhibiwa. Mwananchi mnyonge anahitaji wakili anayeogopa kudanganya. Anahitaji pia wakili asiyeogopa kumtetea.

Uongo wa mashine

Siku hizi kuna jambo jipya. Vijana wetu wana simu, na ndani ya simu kuna programu za akili bandia zinazoandika barua na hata hoja za kisheria. Programu hizi zinaweza kutunga hukumu ambazo hazijawahi kutolewa na mahakama yoyote, zikazipa majina na namba zinazofanana kabisa na za kweli. Juni 2023 jijini New York, mawakili wawili na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 katika shauri la Mata dhidi ya Avianca baada ya kuwasilisha hukumu za namna hiyo. Januari 2025 Mahakama Kuu huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, iliamuru mawakili waliotaja hukumu zisizokuwepo wapelekwe kwenye chombo cha nidhamu. Juni 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza nayo ikatoa onyo kali kwa mawakili wote. Jibu la mahakama hizo lilikuwa moja: aliyeweka saini ndiye anayewajibika, siyo mashine. Wasaidizi wetu wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, nao walichukue onyo hilo. Usimwandikie mama mjane hoja ambayo hujaisoma mwenyewe kwenye chanzo chake.

Sasa tujitazame sisi

Ndugu Mwenyekiti, nilisema nitafika mahali pasipofurahisha. Nimefika.

Parokia zetu nyingi na vigango vyetu vimejengwa juu ya ardhi iliyotolewa kwa mdomo. Mzee mmoja alisema, "Jengeni hapa," tukajenga. Baadaye mfadhili akaleta fedha, tukaongeza zahanati, kisima, nyumba ya walimu. Mzee amefariki. Watoto wake au wapwa zake wamekuja kudai. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Tunaulizwa muhtasari wa mkutano huo uko wapi, nasi hatunao.

Hapo ndipo sauti huanza kusikika ndani ya kamati. "Mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule bado yu hai. Muhuri wa zamani upo. Kwa nini tusiandike muhtasari sasa, tukaweka tarehe ya wakati ule? Kila mtu anajua ardhi ni yetu. Hatuibi, tunaweka kumbukumbu sawa tu."

Ndugu zangu, huo ndio muhuri wa Yezebeli. Haijalishi jengo lililo juu ya ardhi hiyo ni zahanati. Wakili akikubali kuipeleka karatasi hiyo mahakamani huku akijua imeandikwa jana, ameipotosha mahakama. Lakini aliyeitengeneza na kumpa ni nani? Ni sisi, baada ya sala ya kufungua kikao.

Na tukishinda kwa karatasi hiyo, tumempokonya nani? Huenda ni mjane mwenye mikorosho 40, ambaye Jumapili anakaa benchi la nyuma katika kanisa letu hilo hilo.

Katika kazi hii nimejifunza kwamba wateja wengi hupima ubora wa wakili kwa kukubali kwake. Wakili anayesema, "Hili siwezi kuliandika, si kweli," anaonekana mwoga au amehongwa na upande wa pili. Anayesema, "Niachieni mimi, nitalipanga," anaonekana mjanja, na michango inachangwa haraka. Tubadilishe kipimo hicho. Wakili anayekubali kudanganya kwa ajili yako leo amekuonyesha jinsi atakavyokudanganya wewe kesho juu ya ada, juu ya tarehe ya shauri, na juu ya fedha ya fidia itakapoingia kwenye akaunti yake.

Kama mteja anamweleza wakili wake kwamba jambo fulani kwenye hati ni la uongo, wakili hapaswi kumkimbilia jaji kumshtaki mteja wake. Siri ya mteja inalindwa. Lakini anapaswa kumshauri mteja airekebishe, akatae kuitumia, na mteja aking'ang'ania, ajitoe katika shauri. Kwa hiyo wakili akijitoa katika shauri lenu, kabla ya kumlaumu jiulizeni kwanza mlimwomba afanye nini.

Je, ukweli hautatunyima ardhi?

Mtaniuliza: tukisema kweli kwamba hatuna muhtasari, si tutashindwa? Inawezekana. Sitawadanganya katika mada ya kukataza udanganyifu. Lakini mara nyingi ukweli una nguvu kuliko tunavyodhani. Kukaa kwenye ardhi kwa muda mrefu bila kificho, mashahidi majirani walio hai, miti iliyopandwa na umri wake, risiti za ujenzi, barua za zamani kati ya parokia na kijiji, yote hayo ni ushahidi halali. Pale ambapo haki ni hafifu, bado ipo njia ya kukaa na familia, kulipa fidia ya haki, kisha kwenda kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji leo, kwa tarehe ya leo, tukaandika muhtasari wa kweli. Njia hiyo inagharimu. Lakini gharama yake inajulikana tangu mwanzo, wakati gharama ya hati ya kughushi hujulikana siku inapogunduliwa, na siku hiyo huanguka hati, shauri na jina la parokia kwa pamoja.

Mapendekezo

Kwa kamati za parokia napendekeza yafuatayo:

1. Kila parokia iandike orodha ya maeneo yake yote na kueleza kwa ukweli kila eneo lina karatasi gani, na lipi halina kabisa. Yasiyo na karatasi yaanze kushughulikiwa kabla mgogoro haujazuka.

2. Mtu yeyote asisaini karatasi tupu. Hati ya kiapo isomwe yote kwa Kiswahili kabla ya kusainiwa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama zetu, kwa hiyo hatuna tena sababu ya kusaini tusichokielewa.

3. Kiapo kifanyike mbele ya kamishna wa viapo mwenyewe, na tarehe iwe ya siku hiyo.

4. Kabla ya kumlipa wakili, hakikisheni ni wakili kweli na ana leseni ya mwaka huo. Mahakama ina mfumo wa kielektroniki uitwao e-Wakili kwa ajili hiyo, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kusaidia. Vishoka ni wengi, na kishoka hana daftari la kufutwa jina.

5. Mpe wakili ukweli wote, hasa ule unaokuumiza, na ombeni nakala ya kila karatasi anayoipeleka mahakamani kwa jina lenu.

6. Mkiona uongo kwenye hati ya upande wa pili, msijibu kwa uongo wenu. Wekeni vielelezo vya kweli, mweleze wakili wenu auoneshe mahakamani, na jambo likiwa zito pelekeni malalamiko kwenye Kamati ya Mawakili. Malalamiko yawe na namba ya shauri, nakala za hati na maelezo mafupi ya kile kilichosemwa na kwa nini si kweli. Hasira peke yake haisaidii. Na kushindwa kesi siyo ushahidi kwamba wakili amedanganya.

Kwa wafadhili wetu nina maombi mawili. La kwanza, mnapopitisha bajeti ya jengo, wekeni ndani yake fedha ya kupima kiwanja, kuandaa nyaraka na kulipa fidia inayostahili. Kiasi hicho ni kidogo ukilinganisha na hasara ya kuligombania jengo lililokwisha kukamilika. La pili, parokia ikiwaletea taarifa ya kweli kwamba eneo fulani halina hati, msiikimbie. Mkiwaadhibu wanaosema kweli, mtakuwa mmewafundisha wengine watengeneze muhuri.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa kwamba baada ya chakula kamati zitakaa kujadili suala la maeneo yasiyo na karatasi, na kwamba katika parokia mojawapo tayari kuna shauri mbele ya Baraza. Mimi siwezi kuwaamulia. Ninachowaomba ni kwamba katika mjadala huo, yeyote atakayependekeza muhtasari mpya wenye tarehe ya zamani aulizwe swali moja: je, uko tayari kusimama kizimbani mwenyewe, uape, na kusema karatasi hii iliandikwa siku hiyo? Kama hayuko tayari, basi tusimtume wakili akaseme kwa niaba yake.